Sikio la Popo wa Singida: Kisukuku Kimoja na Hoja Zinazokigombania

Mahenge inayozungumziwa hapa siyo ile ya Ulanga, Morogoro, yenye boma la Wajerumani na historia ya Maji Maji. Hii iko magharibi ya mji wa Singida, na sifa yake imefukiwa ardhini. Pana mwamba wa kimbalaiti, wa aina ile ile inayobeba almasi za Mwadui. Kimbalaiti hupanda kutoka kina kirefu cha dunia na kupasuka kwa kishindo ikikaribia juu. Ilipopasuka Mahenge iliacha shimo, shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo. Punje za zikoni, madini yanayotumika kupima umri wa miamba, zilizomo mwambani zimepimwa, na umri uliopatikana ni takriban miaka milioni 46.

Maji ya chini ya ziwa hilo yalikuwa matulivu. Tope laini lilitua tabaka juu ya tabaka, na vilivyozama vikahifadhika: samaki wa jamii ya perege na sato (miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya jamii hiyo yaliyowahi kupatikana popote), vyura, majani ya miti ya jamii ya kunde. Na popo mmoja.

Huyo popo ndiye kisa chetu. Alitangazwa rasmi mwaka 2003 na kundi la watafiti wakiwemo Gregg Gunnell, Terry Harrison, Bonnie Jacobs, Jörg Habersetzer na Gerhard Storch. Majina ya Msuya na Mizambwa nayo yamo katika orodha hiyo. Walimwita Tanzanycteris mannardi, sehemu ya pili ya jina ikimuenzi mwanajiolojia aliyezichunguza kimbalaiti za Singida. Wakati ule hakukuwa na mamalia wa kondo wa kale kuliko yeye aliyejulikana kusini mwa Sahara. Kwa hilo tu angestahili nafasi katika vitabu vya shule, na nashangaa kwamba vijana wanaomjua Zinjanthropus kwa moyo hawajapata kumsikia. Lakini wanasayansi hawamgombanii kwa sababu ya umri wake. Wanagombania sikio.

Kilichopimwa

Mabaki si kamili. Lipo fuvu, ipo sehemu ya mbele ya mwili pamoja na baadhi ya mifupa ya mikono. Ya nyuma haipo. Vyote vimelala bapa juu ya jiwe, vimebanwa na uzito wa tope la miaka mingi. Kumtoa popo wa namna hiyo kwenye jiwe lake ni kumsagasaga, kwa hiyo njia iliyobaki ni kumpiga eksirei. Habersetzer na Storch wa taasisi ya utafiti ya Senckenberg, Frankfurt, walikuwa wameshaizoea kazi hiyo kwa popo wa Messel, Ujerumani, ambao umri wao unakaribiana na wa huyu wa Singida.

Walichokitafuta ni koklea. Huo ni mfereji wa mfupa ulio katika sikio la ndani, umejizungusha kama kombe la konokono, na ndani yake ndimo mtikisiko wa sauti unapogeuzwa kuwa taarifa ya neva. Sauti nyembamba hupokelewa mwanzoni, kwenye mzunguko wa kwanza ulio mpana. Sauti nzito hupokelewa huko ndani zaidi. Mnyama anayeishi kwa kusikiliza sauti nyembamba mno huhitaji nafasi kubwa pale mwanzoni. Ndiyo maana upana wa koklea, ukilinganishwa na upana wa kitako cha fuvu, huwagawa popo wa leo kwa namna inayoeleweka. Popo wanaokula matunda wana koklea ndogo. Wanaowinda wadudu kwa mwangwi wana kubwa. Walio mbele ya wote ni baadhi ya popo wenye pua ya umbo la kwato ya farasi na jamaa zao, aina ambazo katika Afrika Mashariki zinapatikana hata kwenye mapango ya matumbawe ya pwani.

Tanzanycteris alipopimwa, koklea yake iliangukia huko juu, kwa hao wa mwisho.

Ili uzito wa matokeo hayo uonekane, inafaa kueleza popo hao wa mwisho hufanya nini. Popo wa kawaida wa kula wadudu hutoa mlio mfupi unaoteremka kwa kasi kutoka sauti nyembamba hadi nzito kidogo, kisha husikiliza. Hewani sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mdudu aliye umbali wa mita 1.7 hurudisha mwangwi baada ya milisekunde 10. Ubongo wa popo hupima muda huo na kupata umbali. Sauti lazima iwe nyembamba kwa sababu ya udogo wa windo: kwenye kilohezi 50 (mitikisiko 50,000 kwa sekunde) urefu wa wimbi ni karibu milimita 7, na wimbi refu kupita kiasi humpita mdudu mdogo bila kurudisha mwangwi wa maana. Sisi binadamu husikia hadi kilohezi 20 hivi, tena tukiwa vijana. Ndiyo maana usiku wa popo tunaudhania kuwa kimya.

Popo wa pua ya kwato hufanya jambo gumu zaidi. Mlio wake ni mrefu na haupandi wala haushuki. Kwa spishi kubwa ya Ulaya unakaa karibu na kilohezi 80. Sikio lake lina sehemu pana mno iliyotengwa kwa ajili ya sauti hiyo tu. Tatizo ni kwamba akiruka kuelekea kitu, mwangwi hurudi ukiwa mwembamba kuliko alivyoutoa, kama sheria ya Doppler inavyotaka, na ungeangukia nje ya sehemu hiyo. Mwaka 1968 Hans-Ulrich Schnitzler alionyesha anavyolitatua: hushusha sauti yake anaporuka, kwa kiasi kile kile kinachohitajika, ili mwangwi urudi pale pale anapousikia vizuri. Faida yake ni kubwa. Majani ya mti yanarudisha mwangwi uliotulia, ila mabawa ya nondo anayepapatika huutikisa mwangwi juu chini. Popo hubagua nyama na majani gizani.

Sasa ukiambiwa kwamba miaka milioni 46 iliyopita, karibu kabisa na mwanzo wa kumbukumbu zote za popo duniani, kulikuwa na popo Singida mwenye koklea ya kiwango hicho, lazima uulize maswali mawili. Je, alikuwa akifanya hayo yote? Na kama mambo yalikuwa yamefika hapo mapema hivyo, yalianza lini?

Tumerudi alipokuwa Jurine

Hapa historia inasaidia. Mwaka 1793 Lazzaro Spallanzani, kasisi na mtafiti wa Pavia, Italia, aliona bundi wake akipotea njia chumbani mshumaa ulipozimika, ilhali popo waliendelea kuruka bila kugonga kitu. Akawapofusha popo. Wakaruka vile vile, hata nyuzi alizozitanda wakazikwepa. Mwaka uliofuata Louis Jurine wa Geneva aliziba masikio yao, na hapo ndipo walipoanza kujigonga ovyo. Spallanzani alirudia jaribio, akapata matokeo yale yale, akakubali.

Wenzao hawakukubali. Georges Cuvier, mwenye sauti kubwa katika elimu ya wanyama Paris, mwaka 1795 alisema popo anatumia mguso wa ngozi ya bawa, na hakufanya jaribio hata moja. Ni rahisi kumcheka leo. Lakini tuwe wa haki: Jurine alikuwa na sikio bila sauti. Alionyesha kwamba sikio linahitajika, ila chumba kilikuwa kimya, na hakuna aliyeweza kusema sikio linasikia nini.

Kimya hicho kilidumu hadi 1938. Donald Griffin, mwanafunzi wa Harvard aliyependa popo, alipeleka vizimba vyake kwa mwanafizikia George Pierce, aliyekuwa na chombo cha kunasa sauti zilizo juu ya usikivu wa binadamu. Chombo kililipuka kwa kelele. Popo walikuwa wakipiga makelele muda wote. Griffin na Robert Galambos wakaongeza jaribio ambalo Jurine hakuwa na sababu ya kulifikiria, yaani kumfunga popo mdomo, na popo aliyefungwa mdomo alijigonga sawasawa na yule aliyezibwa masikio.

Mtu anayechunguza kisukuku yuko pale pale alipokuwa Jurine. Ana sikio, sauti hana. Zoloto, kiungo cha kooni kinachotoa sauti, ni gegedu na misuli, vitu vinavyooza kabla tope halijakauka. Hakuna chombo cha Pierce cha kupeleka Mahenge. Hii ndiyo sababu mabishano yote ya mwanzo wa mwangwi yanazunguka vifupa vitatu vinne vya kichwani, na kila kimoja kina watu wake.

Mashahidi wengine

Shahidi mkubwa wa wanaosema popo aliruka kwanza na mwangwi ukaja baadaye anatoka Wyoming, Marekani, kwenye miamba ya Green River. Nancy Simmons wa makumbusho ya historia ya asili ya New York na wenzake walimtangaza mwaka 2008 kwa jina la Onychonycteris finneyi. Ana umri wa miaka milioni 52.5 na kiunzi chake karibu kimetimia. Vidole vyake vyote vitano vina kucha, jambo ambalo popo yeyote wa leo hana. Miguu yake ya nyuma ni mirefu. Mabawa yapo kamili, kwa hiyo kuruka aliruka. Koklea ni ndogo, ya kadiri ya popo wa matunda.

Simmons alihitimisha kwamba kuruka kulitangulia, mwangwi ukafuata. Fiziolojia inamuunga mkono. Mlio wa nguvu ni ghali kwa mnyama aliyetulia, ila John Speakman na Paul Racey walipima mwaka 1991 wakakuta kwamba popo anayeruka huku akilia hatumii nishati ya ziada inayoonekana, kwa kuwa misuli ya bawa ndiyo hiyo hiyo inayosukuma pumzi. Mnyama akishajua kuruka, mlio huja karibu bure. Mnyama anayerukia tawi kwa tawi angelipa kwa kila mlio.

Mwaka 2010 kundi jingine likaleta kifupa kingine. Popo wote wa leo wanaolia kwa zoloto wana mfupa mwembamba unaotoka eneo la ulimi na koo na kugusana na mfupa unaozunguka ngoma ya sikio, mara nyingine hushikamana nao kabisa. Walimwangalia tena Onychonycteris wakadai kwamba naye alikuwa na mgusano huo. Simmons akajibu kwamba kisukuku kimepondwa, na mifupa iliyobanwa pamoja na jiwe inaweza kugusana bila kuwahi kugusana mnyama alipokuwa hai. Mimi niko upande wa Simmons katika hilo, japo si kwa furaha, maana hoja hiyo hiyo ya kupondwa inamgusa pia popo wetu wa Singida.

Kisha akaja asiyepondwa. Mwaka 2023 Suzanne Hand na wenzake walimweleza Vielasia sigei, popo wa miaka kama milioni 50 kutoka pango la chokaa huko Quercy, Ufaransa. Pango huhifadhi mifupa ikiwa na umbo lake lote, na hapa mabaki yalikuwa mamia, ya popo zaidi ya 20. Sikio lake la ndani ni la popo anayetumia mwangwi. La muhimu zaidi ni nafasi yake kwenye ukoo: yuko nje ya kundi linalowajumuisha popo wote wanaoishi leo. Babu wa popo wa leo, kwa ushahidi huu, huenda alikuwa akilia na kusikiliza tayari.

Messel nayo inachangia kwa njia ya tumbo. Baadhi ya popo wake walizama wakiwa wameshiba, na ndani ya Palaeochiropteryx kumeonekana magamba ya mabawa ya nondo. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba popo ndiye aliyewalazimisha nondo kuota masikio. Utafiti wa DNA wa mwaka 2019 uliongozwa na Akito Kawahara ukaonyesha kwamba koo kadhaa za nondo zilikuwa na masikio mamilioni ya miaka kabla ya popo. Waliyageuzia matumizi baadaye. Hadithi nzuri imeharibika, lakini iliyobaki ni nzuri zaidi.

Mara moja au mara mbili

Hadi miaka ya 1990 ukoo wa popo ulionekana rahisi: wakubwa wanaokula matunda upande huu, wadogo wanaotumia mwangwi upande ule. DNA ikauvuruga. Kazi za Emma Teeling na wengine, kuanzia mwaka 2000, zilionyesha kwamba popo wa pua ya kwato ni ndugu wa karibu wa popo wa matunda kuliko wa popo wengine wala wadudu. Kwa maneno mengine, popo mkubwa wa Pemba anayelala mtini Kidike mchana kweupe, mwenye macho mapana na asiyetumia mwangwi kabisa, ana undugu wa karibu na bingwa wa mwangwi kuliko bingwa huyo alivyo na popo wadogo wengine.

Hapo kuna njia mbili tu. Ama mwangwi ulianza mara moja na popo wa matunda wakaupoteza, ama ulianza mara mbili. Kuna anayetia utata zaidi: Rousettus aegyptiacus, popo wa matunda anayejazana kwa maelfu katika mapango kama Kitum kwenye Mlima Elgon na mapango ya magharibi ya Uganda. Huyu hutumia mwangwi, ila hutoa sauti kwa kugonga ulimi. Njia ni nyingine kabisa. Ukoo uliopoteza uwezo wa zoloto, kama kweli uliupoteza, umejitengenezea upya kwa kiungo kingine.

Kuanza mara mbili si jambo la ajabu katika viumbe. Domodomo wa Ziwa Victoria hutoa umeme hafifu na kuhisi vinavyomzunguka kwa umeme huo. Samaki wa mito ya Amerika ya Kusini wasio na undugu wa karibu naye hufanya vile vile, na koo zote mbili ziliazima jeni ile ile ya msuli kwa kazi hiyo. Pomboo na popo, wanyama waliotengana kabla hawajawa na mwangwi, wana mabadiliko yanayofanana katika prestini, protini inayozipa nguvu seli za koklea. Mwaka 2010 wachunguzi walipopanga ukoo kwa protini hiyo pekee, pomboo waliangukia miongoni mwa popo.

Ushahidi wa mwaka 2022 wa Benjamin Sulser na wenzake unavuta upande wa mara mbili. Walikuta kwamba mfereji wa mfupa unaobeba neva za koklea una kuta katika kundi la popo wa pua ya kwato, kama ilivyo kwa mamalia wengine, lakini katika kundi jingine ukuta umetobolewa sana au haupo. Mafundi wawili, nyaya mbili. Hata hivyo mafundi wawili wanaweza kurithi nyumba moja na kila mmoja akaifanyia ukarabati wake, na Vielasia ananielekeza huko. Ukinilazimisha kuchagua, nachagua mwanzo mmoja, wa kawaida, wenye koklea ya kadiri. Kisha kupotea kwa popo wa matunda. Kisha kila ukoo kuongeza ya kwake.

Popo wa Singida anakaa wapi

Waliomtangaza hawakumweka katika ukoo wa popo wa pua ya kwato. Walimpa familia yake mwenyewe. Kwa hiyo koklea yake kubwa haiwezi kuchukuliwa kuwa urithi wa hao tunaowajua leo. Inaelekea aliipata kivyake. Je, hilo linawezekana? Amerika ya Kati yupo popo mwenye masharubu, Pteronotus, wa kundi lile jingine la nyaya tofauti, ambaye naye ana mlio mrefu usiobadilika na hushusha sauti yake kurekebisha Doppler. Alifika huko bila msaada wa wa Afrika wala wa Ulaya. Njia ikishapitwa mara mbili na walio hai, kuipita mara ya tatu Mahenge hakuhitaji miujiza.

Kutoka Wyoming hadi Singida ni miaka kama milioni sita na nusu. Ndani ya muda huo tunatoka kwenye koklea ya kiasi cha popo wa matunda hadi koklea ya juu kuliko za popo wengi wa leo. Siwezi kusema wa pili ametokana na wa kwanza. Mmoja ni wa Amerika, mwingine wa Afrika, na wote wawili huenda ni vichipukizi vya pembeni. Hata hivyo picha ya ngazi, ambamo sikio lilipanda pole pole hadi kufikia ustadi wa leo, haivumilii uwepo wa popo huyu. Ustadi ulifikiwa mapema, na ukoo mmojawapo ulioufikia ukatoweka bila kuacha mjukuu tunayemjua.

Alikuwa akilia kilohezi ngapi? Hapo ndipo najizuia. Koklea pana inasema sauti nyembamba zilipewa nafasi. Haisemi kama mlio ulikuwa mrefu na ulionyooka au mfupi wa kuteremka, na kurekebisha Doppler ni kazi ya ubongo na zoloto, viungo ambavyo ziwa la Mahenge halikuvitunza. Maelezo mengine ya popo huyu huruka hatua hiyo na kumchora akiwinda kati ya majani kama popo wa pua ya kwato wa leo. Yawezekana. Jurine asingethubutu kuandika hivyo, na alikuwa na popo hai mkononi.

Kinachokosekana si nadharia bali mifupa ya Afrika. Kaskazini tunao wachache wa enzi ya karibu, kama Dizzya wa Chambi, Tunisia, anayejulikana zaidi kwa meno. Meno na koklea havizungumzi lugha moja: Dizzya anaeleza alikula nini, Tanzanycteris anaeleza alisikia nini, na hatuwezi kuwapanga vizuri kwenye ukoo mmoja. Popo wa pili wa Mahenge mwenye meno yaliyohifadhika vizuri angeliondoa tatizo hilo, na kama kile kifupa cha koo kingekuwa mahali pake bila kupondwa, mabishano ya Onychonycteris yangepata wa kulinganishwa naye. Tabaka za tope bado zipo.